"Uzembe wa dereva" sio jibu: hiace ya Igoma, boda ya mtoto na boti ya Ukara

Kuna dada kaniandikia kutoka Igoma, hapa hapa Mwanza, swali lake lilikuwa refu nimelifupisha. Anauza dagaa mwaloni Kirumba, asubuhi anapanda hiace mpaka mjini afu anaunganisha, binti yake wa darasa la tatu anapelekwa shule na boda pamoja na watoto wengine wa mtaani, na mume wake kila baada ya wiki mbili anavuka ziwa kwenda kisiwani Ukara kufata mzigo. Anasema: "Kila ajali ikitokea tunaambiwa uzembe wa dereva, abiria muwe makini, wiki ijayo nyingine tena. Hivi nyie mnaofanya tafiti mmeshawahi kujua ni kitu gani kinapunguza ajali kweli, au ni semina tu? Na mwendokasi kama ya Dar ikija Mwanza itatusaidia?"

Dada yangu, wabeja sana kwa swali, na hapo pa semina umenichoma maana posho za semina mi mwenyewe nimekula. Jibu fupi ni kwamba ndio, kuna vitu vimepimwa na vikapunguza ajali, ila karibu vyote sio vile tunavyohubiriwa kila wiki ya nenda kwa usalama. Sasa nikae nikueleze taratibu.

Neno "uzembe" ni neno la kufungia faili. Likishatamkwa hakuna anayeuliza tena, dereva anawekwa ndani, gari linavutwa, watu wanazika. Mtu anayefanya utafiti anaanzia pale pale wengine wanapoishia: sawa, alikimbia, kwanini alikimbia? Na kwanini mwenzake wa gari la nyuma nae alikuwa anakimbia, na wa jana yake? Madereva mia wakifanya kosa lile lile kila siku kwenye njia ile ile, hilo sio tabia ya mtu mmoja tena, kuna kitu kinawasukuma.

Angalia hiyo hiace yako ya asubuhi. Suka, yaani dereva, sio mwenye gari, unajua. Gari ina tajiri, tajiri anataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe jua, umekamatwa na trafiki au umepasua tairi. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndo cha suka na konda. Kwaiyo masaa ya kwanza ya siku anafanya kazi ya tajiri, ya jioni ndo anafanya ya kwake, na kila kichwa anachokipata gari la mbele ni kichwa alichokipoteza yeye. Ndo maana stendi anakaa nusu saa anangoja ijae huku mpigadebe anakudanganya "bado mmoja", afu akiondoka anataka afidie hiyo nusu saa barabarani, akipishana na mwenzie Mabatini wanafukuzana kama wana ugomvi, usiku gari likiwa halina watu anakata ruti anawashusha nyie njiani. Mtafiti mmoja wa chuo cha SOAS London, Matteo Rizzo, aliwafatilia madereva na makonda wa daladala Dar kwa miaka mingi, akakuta wengi mno hawana mkataba wowote na siku yao ya kazi inafika kama masaa 15. Mtu kaendesha masaa 15 hajui kama kesho gari atapewa tena, afu unamuwekea bango la haraka haraka haina baraka. Kwake yeye haraka ndo ugali wenyewe.

Sasa nini kilipimwa? Jirani zetu Kenya ndo wamefanya mambo ya maana hapa. Mwaka 2008 watafiti wawili wa chuo cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, walichukua matatu, yaani daladala za kwao, zaidi ya elfu mbili zinazofanya safari ndefu, wakazigawa kwa bahati nasibu, nusu wakazibandika stika ndani zinazowaambia abiria dereva akiendesha hovyo msinyamaze, semeni. Ni stika tu, hamna askari wala faini. Na dereva akikutwa hajazibandua anaingia kwenye droo ya kushinda hela, hiyo ilikuwa akili nzuri maana bila hiyo zingeng'olewa siku ya pili. Walivyoangalia madai ya bima, magari yenye stika yalipata ajali pungufu kwa karibu nusu ukilinganisha na yasiyo nazo. Wakarudia baadae kwa magari mengi zaidi, punguzo likawa dogo kidogo, kati ya robo na theluthi, na hilo ndo linanifanya niamini zaidi, maana kitu kikitoa majibu makubwa mara moja tu mi huwa nakitilia shaka.

Kwanini stika ifanye kazi? Kwasababu kwenye gari kila abiria anaogopa peke yake. Umeshawahi kukaa kwenye Probox ya mchomoko, zile gari ndogo za kubeba abiria, mko nane, suka anaovateki kwenye kona, moyo unadunda lakini unanyamaza kwasababu wote wamenyamaza, unaona ukisema utaonekana mshamba au utaambiwa shuka nunua la kwako. Stika inakupa ruhusa. Mmoja akisema wa pili anaitikia, na hapo suka hana ujanja maana nauli iko mikononi mwenu. Mi nilishawahi kushushwa usiku njiani nikitokea Magu kwasababu ya mdomo huu, peke yangu, wenzangu wakaniangalia tu kupitia dirishani, kwaiyo najua ninachokisema, ukisema peke yako unashuka, mkisema watatu anapunguza mwendo.

Kuna utafiti mwingine wa Nairobi napenda kuwaambia watu wanaoamini kila kitu kitatibiwa na kifaa. Walifunga vifaa vya kufatilia gari kwenye matatu 255, mwenye gari anaona kwenye simu gari liko wapi, linakimbia kiasi gani, linakanyagwa breki vipi. Kilichotokea? Wenye magari walijua kwa uhakika zaidi gari inaingiza nini, wakalegeza hesabu, madereva wakaacha kuchakaza gari, faida ikapanda, kila mtu akafurahi. Isipokuwa usalama haukubadilika. Tajiri alikuwa na taarifa zote za mwendo mkononi na hakuzifanyia kazi, maana mwendo haumuumizi yeye, bodi ikipigwa ndo inamuuma. Usalama ulionekana pale tu watafiti walipoanza kuwalipa madereva wenyewe kwa kuendesha vizuri, na hela ilivyokata wakarudi kule kule. Kwaiyo hata hii VTS, kifaa cha kufatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwenye mabasi ya mikoani, inayopiga kelele gari likipita 80, naikubali sana lakini kifaa peke yake ni king'ora tu, nguvu yake iko kwa mtu anayesoma ile taarifa na kuchukua hatua.

Hapo ndo naingia kwenye swali lako la mwendokasi. Watu wanafikiri mwendokasi ni yale mabasi marefu na ile barabara yake, wanasahau kilicho ndani. Bogotá kule Kolombia walikuwa na hali kama yetu kabisa, mabasi yanafukuzana kugombania abiria, wenyewe waliita vita ya senti. Mwaka 2000 wakaanzisha TransMilenio, na mabadiliko makubwa ambayo hayaonekani kwenye picha ni kwamba kampuni za mabasi ya njia kuu zikaanza kulipwa kwa kilometa zilizotembea badala ya vichwa. Dereva ana mshahara, basi likiwa tupu au limejaa mshahara ni ule ule, sasa amkimbize nani? Ongeza na njia yake peke yake, vituo katikati, sehemu maalum za kuvuka, na kwenye miji kadhaa ya Amerika ya Kusini iliyofanyiwa tathmini ajali mbaya kwenye hizo barabara zilipungua sana, kuna sehemu karibu nusu. Ya Dar ilianza Mei 2016, kilometa 21 ukijumlisha Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Kariakoo, ikalipatia jiji tuzo ya kimataifa ya usafiri mwaka 2018.

Lakini Mwanza? Mi maoni yangu, na najua kuna wahandisi watanirushia mawe na mawe Mwanza hatuna shida nayo, tusianze na zege. Nyamagana na Ilemela pamoja tumeshapita watu milioni 1, ila mji umebanwa, ziwa huku, miamba huku, njia kubwa za kutoka mjini ni tatu tu, ya Nyerere inayokuja kwenu Igoma mpaka Kisesa, ya Kenyatta kwenda Nyegezi na Buhongwa, na ya Makongoro kwenda Airport. Kupanua hapo ni kubomoa nyumba za watu na kupasua mawe. Cha kuanza nacho ni kile cha ndani ya mwendokasi: njia moja tu, tuseme hiyo yenu, wenye hiace waunde kampuni au ushirika mmoja, nauli ziingie mfuko mmoja kwa kadi au simu, madereva wawe na mshahara na zamu za masaa 8, hiace zipungue ziingie Coaster na mabasi makubwa zaidi, ziondoke kwa saa hata kama hazijajaa. Hilo la mwisho ndo gumu kuliko yote, tajiri akiona gari linaondoka na watu sita anaumwa kichwa. Ndo maana miezi ya mwanzo lazima halmashauri iweke ruzuku, na ni hela ndogo sana ukilinganisha na kujenga barabara.

Haya, boda ya binti. Hapa nitakuwa mkali kidogo dada yangu, unisamehe. Madaktari wa hospitali ya Bugando walishachapisha tangu 2012 kwamba majeruhi wa barabarani wanaopokelewa pale zaidi ya nusu ni wa pikipiki, hiyo sio habari mpya kwa mtu yeyote Mwanza. Kofia ngumu inasaidia, na sio kidogo: uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi uliotoka 2008 ulikuta inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila iwe imefungwa kamba chini ya kidevu, isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijafika chini, hiyo ni sufuria tu. Na iwe saizi ya mtoto. Kinamama wengi mnaniambia hamvai za boda kwasababu ya jasho la watu na kuharibu nywele, naelewa kabisa, mnunulie binti ya kwake akae nayo kama begi la shule.

Ila umesema anapanda na watoto wengine, yaani mshikaki. Mnamlipaje huyo kijana? Nna hakika ni kwa kichwa. Sasa mkimlipa kwa kichwa mmemtengenezea hesabu ya kwenu wenyewe, akibeba mmoja anapata moja, akibeba wanne anapata nne kwa mafuta yale yale, na akimaliza haraka anawahi kijiweni. Kaeni wazazi wanne, mkubaliane mumlipe kwa mwezi kiasi kinachoeleweka, na masharti mawili tu, mtoto mmoja mmoja na hamna kukimbizana na muda. Kama watoto ni wengi mtafute bajaji kwa mkataba huo huo, na isijazwe. Itaongezeka hela, ndio. Kama shule iko karibu kiasi cha kutembea, basi watembee kwa kundi na mzazi mmoja kwa zamu, kinachobaki ni pa kuvuka barabara tu.

Na pa kuvuka ndo panaponiuma kuliko vyote, kwasababu barabara yenu ndo ile ile ya kwenda Musoma mpaka Sirari, malori na mabasi yanakuja na mwendo wa safari ndefu wakati huku ni sokoni. Barabara ikiwa nzuri ndo inaua zaidi, lami ikinyooka mguu unazama. Shirika la Afya Duniani wanasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1 uwezekano wa ajali ya kuua unapanda kwa karibu asilimia 4, na mtu anayegongwa na gari lenye mwendo wa 65 uwezekano wa kufa ni zaidi ya mara nne ya aliyegongwa na la 50. Kwa 50 gari linatembea mita 14 kila sekunde, na dereva anahitaji kama sekunde moja tangu amuone mtoto mpaka mguu ufike kwenye breki, kwaiyo hizo 14 zimeshaenda kabla hata hajaanza kupunguza.

Dawa yake ni ya kizamani na haina utukufu wowote: matuta, zebra iliyoinuliwa, njia ya waenda kwa miguu, nguzo za kuzuia pikipiki zisipite pembeni. Kuna shirika linaitwa Amend lilifanya hayo kwenye maeneo ya shule Dar, wakalinganisha na shule ambazo hazijafanyiwa, watoto kuumia kukapungua kwa kama robo, na mradi wao ukapewa tuzo kubwa ya miji na WRI, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 2019. Daraja la juu kama lile la Furahisha lililofunguliwa 2017 ni zuri kwa picha, mi silipingi, ila mama mwenye beseni la dagaa kichwani hapandi ngazi zote zile kama chini panapitika, na sio mvivu, ana mzigo.

Ukitaka kupeleka hoja kwa diwani usipeleke malalamiko, peleka namba. Pima mita 50 pembeni ya barabara karibu na shule, weka jiwe huku na jiwe huku, hatua kubwa za mtu mzima kama 60 hivi lakini futi kamba ni bora. Kaa mbali kidogo wasikuone, chukua simu, anza saa gari likipita jiwe la kwanza, zima likipita la pili. Chukua 180 gawanya kwa sekunde ulizopata, hiyo ndo kilometa kwa saa. Sekunde 6 ni mwendo wa 30, sekunde 3.6 ni 50 ambayo ndo mwisho wa kisheria kwenye makazi, na ukiona sekunde 2 na kidogo hapo ni 80 na kitu. Pima magari 100 asubuhi kwa siku tano, saa moja kasoro mpaka saa mbili. Nimeshawaona wahandisi wa barabara wakibadilika sura mbele ya karatasi ya namna hiyo.

Sasa ziwa, la mume wako. Nyie wa Igoma hamhitaji kuhadithiwa, makaburi ya MV Bukoba mnapishana nayo. Ile ilikuwa 21 Mei 1996, meli ya kubeba abiria 430, wakafa watu zaidi ya 800, na idadi kamili haikujulikana vizuri kwasababu daraja la tatu halikuwa na orodha ya abiria. Miaka 22 mbele, 20 Septemba 2018, MV Nyerere njia hiyo hiyo anayopita mumeo, kutoka Bugolora kwenda Ukara, siku ya gulio, kivuko cha watu 101, wakafa 228 na kuokolewa 41. Piga hesabu mwenyewe. Kote kote tulisema uzembe. Mi swali langu ni lingine, pale gatini nani kazi yake ni kuhesabu vichwa, na ana nguvu ya kusema "imejaa" mbele ya watu 150 wenye mizigo inayooza bila kutukanwa, na kesho yake akawa bado ana kazi? Kama hayupo, nahodha hata awe malaika ataondoka na watu wengi siku ya gulio. Cha kupima hapo ni rahisi, geti linalofungwa na tiketi zenye namba zinazoishia kwenye uwezo wa kivuko, basi.

Na mumeo aelewe kwanini kivuko kinapinduka, kujaa peke yake sio yote. Watu wakisimama juu na kuhamia upande mmoja kwa pamoja, uzito unahama nao, chombo kinalala, wakiona kinalala wanakimbilia upande mwingine wote tena na hapo ndo kinageuka. Inatokea sana karibu na kufika, kila mtu anataka ashuke wa kwanza. Mume wako akae chini, abaki alipo mpaka kamba ifungwe, hata kama konda wa kivuko anapiga kelele.

Hali ya hewa nayo ina ratiba yake. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, mvua inanyesha milimani. Usiku inageuka, upepo unatoka pande zote za nchi kavu unakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda juu, radi na dhoruba zinazaliwa kule kule maji yalipo, usiku wa manane mpaka alfajiri. Wavuvi wa dagaa wanaijua hiyo kwa miili yao. Kulikuwa na mradi wa utabiri wa Ziwa Victoria ulioishia 2021, mamlaka zetu za hali ya hewa za Afrika Mashariki pamoja na wenzao wa Uingereza, taarifa zikawa zinafika mialoni kwa lugha ya watu, na tathmini yake ilikadiria vifo vya hali ya hewa ziwani vilipungua kwa karibu theluthi. Kwaiyo utabiri wa ziwa wa TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, mumeo aufatilie kama anavyofatilia matokeo ya Simba, na mzigo ukichelewa kufika jioni alale kisiwani, asivuke usiku na mtumbwi kwasababu dagaa wanasubiriwa Kirumba. Laifu jaketi avae, asilikalie. Wengi naona wanalikalia maana ubao unaumiza.

Hapo tena ni hesabu, dada yangu, na safari hii hesabu iko mikononi mwako, maana najua wewe ndo unampigia simu saa mbili usiku kumuuliza uko wapi wateja wananisumbua. Mkipanga siku ya mzigo iwe na siku moja ya kuchelewa ndani yake, hana sababu ya kuvuka na giza. Hizo namba za shuleni ukishazipata zipige picha unitumie, nikusaidie kuandika barua.